Umeshikwa kwa mwendo wa kasi? Maswali ya madereva kuhusu mashine, faini na korti nchini Kenya

Niliendesha matatu ya masafa marefu kwa miaka kumi na mitatu, na siku hizi madereva hunipigia simu wakiwa bado wamesimama kando ya barabara, injini inanguruma, afande anangoja dirishani. Maswali yao hayabadiliki sana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mimi si wakili; kesi ikiwa nzito, au leseni ndiyo mkate wako, tafuta wakili. Haya mengine dereva yeyote anaweza na anapaswa kuyajua.

Nimesimamishwa na kuambiwa nilikuwa kwa kilomita 118. Nianzie wapi?

Anza kwa kuegesha gari mahali salama, kushusha kioo na kumsalimu afande kwa heshima. Ubishi wa barabarani haujawahi kumfutia mtu mashtaka, na mara nyingi humletea mashtaka mengine.

Lakini heshima si kukiri. Wengi wetu, kwa woga, tunatamka: "Nisamehe afande, nilikuwa na haraka." Maneno hayo yanaweza kurudi kukukuta mbele ya hakimu. Sema tu kwamba umesikia, kisha uombe kuonyeshwa namba iliyo kwenye mashine. Akikuonyesha, itazame vizuri: kasi, saa, na kama kuna picha, ni gari lako kweli? Akikataa, usimlazimishe, kumbuka tu kwamba uliomba.

Ukishaachiliwa, kabla kumbukumbu haijachuja, andika. Saa ngapi, mahali gani hasa (duka, daraja, kituo cha mafuta kilicho karibu), afande alisimama upande gani wa barabara, magari gani yalikuwa mbele yako, nyuma yako na ubavuni mwako, hali ya hewa ilikuwaje, namba ya utumishi ya afande ni ipi. Rudi nyuma ukapige picha kibao cha kasi cha karibu zaidi, au mahali ambapo kilipaswa kuwapo. Nimeona kesi zikiamuliwa na picha ya kibao iliyopigwa siku hiyo hiyo, na nimeona watu wenye haki wakishindwa kwa sababu waliirudia sehemu hiyo baada ya miezi miwili wakakuta kibao kipya kimesimamishwa.

Mipaka yenyewe ni ipi?

Ndani ya miji, manispaa na vituo vya biashara ni kilomita 50 kwa saa kwa kila gari. Nje ya hapo, gari dogo la kibinafsi linaruhusiwa hadi 100 kwenye barabara isiyotenganishwa katikati na 110 kwenye barabara kuu yenye njia mbili zilizotenganishwa. Matatu, basi na gari la mizigo la biashara ni 80 kwenye barabara zote hizo mbili. Kibao kikiwekwa cha chini ya hapo, kibao ndicho kinachotawala.

Wanaotoka Nairobi kwenda Mombasa hunaswa zaidi na hicho kipande cha 50. Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei: unatoka kwenye mwendo wa mia, barabara ni ile ile, lami ni ile ile, na ghafla uko ndani ya kituo cha biashara. Mguu haujui kwamba sheria imebadilika. Ila mama anayevuka na mtungi anajua, na ndiyo maana mimi siwaonei huruma wanaopita hapo kwa 90.

Mashine inajuaje kasi yangu?

Kuna aina mbili kuu, na ukijua ni ipi iliyokupima utajua cha kuuliza.

Ya kwanza ni rada. Hutuma mawimbi ya redio, yagonge gari lako, yarudi. Kama umewahi kusikia king'ora cha ambulensi, umeshaisikia kanuni yenyewe: ikikujia sauti ni nyembamba, ikikupita inakuwa nzito. Ambulensi haijabadilisha king'ora. Mwendo wake ndio unaoyabana mawimbi au kuyanyoosha. Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria, alilieleza jambo hilo mwaka 1842, na miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot akalijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni huku wanamuziki wengine wakisikiliza kando ya reli. Rada ya polisi hufanya kazi ya masikio hayo. Rada nyingi za mkononi hutumia mawimbi ya gigahezi 24.15, na hapo kila kilomita moja kwa saa ya mwendo wako hubadilisha wimbi linalorudi kwa mitetemo karibu 45 kwa sekunde. Ukienda 100, tofauti inakaribia mitetemo 4,500, na kuihesabu si kazi kubwa kwa mashine.

Ya pili ni leza. Hii hairushi redio bali mwanga usioonekana kwa macho, kwa vipigo vifupi sana. Kila kipigo kikirudi, mashine hupima muda uliopita na kutoka hapo hupata umbali. Gari likiwa mita 300 mbele, mwanga huenda na kurudi kwa sehemu mbili za milioni ya sekunde. Mashine hurudia mara nyingi ndani ya muda kama theluthi moja ya sekunde, kisha hutazama umbali umepungua kwa kiasi gani.

Njia nyingine ni za zamani zaidi: gari la polisi kukufuata kwa umbali usiobadilika huku likisoma spidomita yake, au kupima kwa saa muda unaochukua kati ya alama mbili. Mwingereza Walter Arnold, anayetajwa kuwa dereva wa kwanza kutozwa faini ya kasi huko kwao, mwaka 1896, alikamatwa na konstebo aliyemfukuza kwa baiskeli. Alikuwa akienda maili 8 kwa saa mahali paliporuhusiwa 2.

Je, mashine inaweza kukosea?

Ndiyo, ingawa si kwa namna watu wengi wanavyodhani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi zinaposhinda au kushindwa.

Rada nzuri, iliyohakikiwa, hupima kasi kwa usahihi mkubwa. Swali la kwanza si "je, namba ni sahihi?" Swali ni "namba hiyo ni ya gari gani?" Mwale wa rada hutanuka kadiri unavyokwenda mbali. Mwale wenye upana wa digrii 12 ukifika mita 100 umeshakuwa na upana wa mita 21 hivi, kwa hiyo unafunika barabara nzima na kando zake zote mbili. Ukiwa ndani ya mwale huo na lori kubwa nyuma yako, au gari dogo linakupita kwa kasi, mashine itaonyesha namba moja, nayo haina jina. Huenda ikachukua mrudio wenye nguvu zaidi, na bodi la lori hurudisha mawimbi mengi kuliko boneti ya gari dogo. Afande aliyefunzwa vizuri huanza kwa jicho, akakadiria kuwa gari fulani lina kasi, ndipo anapotumia mashine kuthibitisha. Kwa hiyo kortini muulize: barabara ilikuwa na magari mangapi? Ulijuaje kwamba ni langu?

Leza ina mwale mwembamba. Kwa mita 300 upana wake ni kama mita moja tu, kwa hiyo tatizo la kuchanganya magari hupungua sana. Udhaifu wake ni mkono. Mkono ukitikisika, mwale ukateleza kutoka kwenye kioo cha mbele hadi kwenye boneti, mashine itaona umbali umepungua kwa mita moja zaidi ya ulivyopungua kweli. Mita moja ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde ni kilomita 12 kwa saa za ziada. Watengenezaji wanalijua hili na wameweka ukaguzi ndani ya mashine ili ikatae vipimo vya namna hiyo, lakini bado ni haki yako kuuliza kama afande alikuwa ameegemea kitu imara na alipima kutoka umbali gani.

Kisha kuna pembe. Madereva hupenda kusema, "Alikuwa amesimama pembeni, kwa hiyo mashine imekosea." Ni kweli imekosea, ila imekosea kwa faida yako. Mashine iliyosimama pembeni huona tu sehemu ya mwendo inayoielekea. Kwa pembe ya digrii 10, gari linaloenda 100 husomeka 98.5, kwa digrii 20 husomeka 94. Ukimwambia hakimu anayeijua hesabu hii kwamba pembe ilikuwa kubwa, umemwambia kwamba ulikuwa na kasi zaidi ya unayoshtakiwa nayo. Acha hoja hiyo nyumbani.

Linalobaki ni uhakiki, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Kila kipimo huchoka. Mizani ya sukari dukani hukaguliwa na kupigwa muhuri, na hakuna sababu mashine inayoweza kukugharimu shilingi laki moja isikaguliwe. Uliza ilihakikiwa lini, na nani, na cheti kiko wapi. Uliza pia kama afande aliijaribu mwanzo wa zamu. Rada hujaribiwa kwa uma wa chuma unaotoa mtetemo unaojulikana, na leza kwa umbali uliopimwa. Uliza kama yeye mwenyewe alifunzwa kuitumia mashine ya aina hiyo. Namba iliyotoka kwenye kifaa kisicho na historia ni neno la mtu tu.

Spidomita yangu ilisoma 80 naye anasema 90. Nani mkweli?

Kwa kawaida spidomita hudanganya kwa kuzidisha. Kanuni ya kimataifa ambayo watengenezaji wengi huifuata hairuhusu spidomita ionyeshe pungufu ya kasi halisi hata kidogo, lakini inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ikisoma 80, yaelekea ulikuwa chini ya 80.

Isipokuwa kama umebadilisha magurudumu. Tairi kubwa kuliko la kiwandani husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, na spidomita haijui. Kabla hujaitegemea hoja hii, linganisha spidomita yako na GPS kwenye barabara iliyonyooka. Na kama gari ni la abiria lenye kidhibiti mwendo, omba rekodi zake mapema. Zinaweza kukutetea, na zinaweza kukumaliza. Zisome wewe kwanza.

Afande hakuwa na mashine. Alisema tu, "Ulikuwa unakimbia."

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 43, imelijibu hili: mtu hawezi kupatikana na hatia ya kupita kasi kwa ushahidi wa shahidi mmoja peke yake anayetoa maoni yake tu kwamba gari lilikuwa na kasi hiyo. Inahitajika zaidi ya jicho la mtu mmoja. Hata saa ya mkononi ina shida yake: kwenye umbali wa mita 100, gari la kilomita 50 hutumia sekunde 7.2, kidole kikichelewa nusu sekunde kubonyeza mwanzoni, utasomeka karibu 54.

Angalia lakini: kifungu hiki kinahusu kosa la kupita kasi. Kuendesha kwa kuhatarisha watu ni shtaka tofauti, na huko macho ya mashahidi yana uzito wake. Soma hati ya mashtaka ujue umeshtakiwa kwa lipi.

Hakukuwa na kibao cha 50. Ni utetezi?

Unaweza kuwa, na ni mzuri. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Trafiki kinachoweka kilomita 50 mijini kinaitaka pia mamlaka ya barabara isimamishe na kutunza alama zinazomwonyesha dereva waziwazi eneo linapoanza na linapoishia. Kibao kilichoangushwa na lori, kilichomezwa na mti wa mjohoro au kilichong'olewa na wauza vyuma chakavu hakimwonyeshi mtu chochote. Lakini lazima ulete ushahidi: picha zenye tarehe, tena kutoka upande uliokuwa ukitokea wewe. Kibao kilichopo upande wa pili hakikuhusu, wala picha yake haitakusaidia.

Nimepigwa picha na kamera, sikusimamishwa.

Picha na rekodi ya kielektroniki zinakubalika kortini, lakini si hivi hivi tu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ziambatane na cheti cha mtu anayehusika na kifaa hicho, kinachoeleza rekodi ilivyotolewa. Kama hakipo, pinga rekodi hiyo isipokelewe kabla haijasomwa, si baada. Na swali la pili: picha inaonyesha gari, je, inaonyesha dereva? Kama gari lilikuwa kwa mtu mwingine siku hiyo, kusanya uthibitisho mapema.

Faini ni kiasi gani?

Kwa Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, ukizidisha kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo. 6 hadi 10 ni shilingi 500. 11 hadi 15 ni 3,000. 16 hadi 20 ni 10,000. Ukivuka hapo unaenda mbele ya hakimu, na kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki kinaruhusu faini ya hadi shilingi 100,000.

Tazama ngazi hizo zilivyo. Kilomita 15 na kilomita 16 zinatenganishwa na shilingi 7,000. Kwa hiyo hata kama unakubali kwamba ulizidisha, bado unaweza kubishania kiasi ulichozidisha, na makosa madogo ya upimaji huwa na maana kubwa kwenye mipaka ya ngazi.

Nikilipa au nikikiri ili yaishe, nitaweza kukata rufaa baadaye?

Hapa ndipo watu wanajifungia mlango wenyewe. Chini ya kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia. Anaweza tu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Asubuhi kortini kuna msururu, kila mtu ana kazi inayomngoja, jirani anakunong'oneza "kubali tu, utapigwa faini ndogo uende." Ukikubali, umekubali. Kama kweli ulikuwa unakimbia, kiri, ni sawa na ni heshima. Kama hukuwa, sema "si kweli, Mheshimiwa", na kesi ianze.

Ukikanusha ukasikilizwa na kupatikana na hatia, una siku 14 za kukata rufaa.

Watanilaza ndani nikikanusha?

Ibara ya 49 ya Katiba inasema mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Ukikamatwa, lazima ufikishwe kortini kabla saa 24 hazijaisha, isipokuwa zikiishia wakati korti haikai, ambapo ni siku ya korti inayofuata. Huenda ukatakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu. Dai risiti, iandike nambari yake mahali pawili, na kesi ikiisha uifuate pesa yako. Ila usikose kufika siku uliyopangiwa. Asiyefika hutolewa hati ya kukamatwa, na hapo hoja zote za rada na vibao zinakuwa za bure.

Siku ya kusikilizwa nifanyeje?

Kabla ya siku hiyo, muombe kiongozi wa mashtaka nakala za ushahidi: taarifa ya afande, picha, cheti cha mashine. Ibara ya 50 ya Katiba inakupa haki ya kuuona mapema na kupewa muda wa kujiandaa. Usipopewa, mwambie hakimu kwa upole kwamba uliomba hukupewa, na uombe kesi iahirishwe. Ibara hiyo hiyo inakupa mkalimani bila malipo kama lugha ya korti huielewi.

Afande akimaliza kutoa ushahidi utaulizwa kama una maswali. Huo si wakati wa kuhutubia. Wengi husimama wakaeleza maisha yao, hakimu akawakatiza, wakakaa chini hawajauliza hata moja. Andika maswali mafupi, moja moja. Ulisimama wapi? Gari langu lilikuwa umbali gani? Kulikuwa na magari mengine? Mashine ni ya aina gani? Ilihakikiwa lini? Cheti umekuja nacho? Kibao cha karibu kiko wapi? Kisha nyamaza, uache majibu yafanye kazi.

Baada ya hapo hakimu huamua kama una kesi ya kujibu. Usipokuwa nayo, umeachiliwa. Ukiwa nayo, unaweza kujitetea kwa kiapo, kuleta mashahidi au kunyamaza. Kumbuka mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka.

Nilikuwa nampeleka mgonjwa hospitalini.

Msamaha wa kisheria ni wa magari ya zimamoto, ambulensi na polisi yakiwa kazini. Gari lako si mojawapo. Lakini hakimu ni binadamu, na karatasi ya hospitali yenye saa ya kupokelewa inaweza kupunguza adhabu sana. Nilimsindikiza shemeji yangu kortini kwa kesi kama hii. Alikiri, akatoa kadi ya kliniki ya mkewe, akaonywa na kuachiliwa.

Afande ameomba "ya chai".

Usitoe. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Na zaidi ya sheria: kila anayetoa mia mbili anamfanya dereva anayefuata asimamishwe kwa kosa ambalo halipo. Omba uandikiwe rasmi. Andika namba ya utumishi na saa, kisha peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, au EACC, tume ya kupambana na ufisadi.

Ninavuka Namanga kwenda Arusha. Huko ni vilevile?

Huko mashine wanaiita tochi, na "kupigwa tochi" ndiyo lugha ya barabarani. Vijiji vilivyo kando ya barabara kuu vina vibao vya 50 pande zote mbili, na tochi hukaa kabla tu ya kibao cha kumalizia, mahali ambapo mguu umeshaanza kukanyaga mafuta. Usiongeze mwendo mpaka umekipita. Faini yake hutolewa kwa namba ya malipo, hailipwi mkononi, na ukitaka kubisha huko pia mlango ni mahakama. Magari ya kigeni hukaguliwa madeni ya faini mpakani, kwa hiyo lipa au pinga kabla hujarudi.

Inafaa kweli kupoteza siku nzima kwa faini ya 3,000?

Kwa pesa peke yake, mara nyingi haifai. Dereva wa matatu akikosa siku moja hupoteza zaidi ya hiyo. Mimi humuuliza anayenipigia swali moja kabla ya yote: ulikuwa unakimbia? Akinyamaza kidogo, namwambia alipe. Akisema hapana bila kusita, namuuliza kama aliandika saa na mahali, na kama alipiga picha ya kibao.